Kompyuta ndogo ya kupeleka nyumbani: uliza kazi kwanza, bei baadaye

Msimu wa likizo ukikaribia, swali hili halikosekani kwetu tulio huku: "Nyumbani wanataka kompyuta. Dukani nimeona kale kasanduku kadogo, rial 50 tu. Nichukue?" Wengine wanauliza kwa dirham, wengine kwa riyal ya Saudia au pauni, ila swali ni lilelile.

Tuanze na hilo neno "tu". Rial 50 za Oman ni kama dola 130 za Marekani. Kwa dada wa kazi za ndani anayepokea, tuseme, rial 90 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya nusu ya mwezi wa kuamka alfajiri na kulala wa mwisho. Kwa kaka wa saiti ni wiki kadhaa za kubeba zege juani. Pesa ya jasho namna hii haitoki kwa sababu kitu kimeng'aa kwenye kabati la duka.

Msimamo wetu tunausema mapema. Kama nyumbani kuna mtu maalum mwenye kazi maalum ya kufanya, kompyuta ndogo ya mezani ni chaguo bora kuliko laptopu mpya ya bei hiyohiyo, hasa ukipata mtumba mzuri uliotoka ofisini. Kama mtu huyo na kazi hiyo havipo, hata ya rial 20 ni ghali.

Kisanduku chenyewe ni nini

Hii ni kompyuta ya mezani iliyobanwa mpaka ukubwa wa kitabu kinene. Haina skrini, haina kibodi, haina betri. Unaichomeka kwenye TV ya nyumbani, unaweka kibodi na mausi, unawasha.

Madukani utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni mpya, zenye prosesa ndogo kama Intel N100 iliyotoka mwaka 2023. Ina kore 4 na imetengenezwa kula umeme kidogo sana. Ya pili ni mitumba ya ofisi. Makampuni makubwa hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na hapo ndipo Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini zinapoingia sokoni kwa bei ya chini. Hizi zilitengenezwa kuwaka siku nzima, na nyingi unaweza kuzifungua ukaongeza RAM au ukabadilisha diski.

Zote mbili zinamudu kazi za kila siku: kuandika barua na CV, hesabu za duka, kujaza fomu, masomo ya video, kuperuzi. Kuhariri video nzito au magemu makubwa, hapana. Muuzaji akikwambia "hii inafanya kila kitu", muulize bei ya kitu kinachofanya kazi yako tu.

Kwa nini tunaiweka mbele ya laptopu mpya ya bei ya chini? Kwa pesa hiyo, laptopu nyingi mpya zinakuja na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ambazo mara nyingi zimechomelewa ndani, huwezi kuongeza. Betri ikichoka au skrini ikipasuka, gharama inakaribia kununua nyingine. Kwenye kompyuta ya mezani, mtoto akimwagia chai kibodi, unanunua kibodi nyingine mtaani, maisha yanaendelea. Faida nyingine ni mzigo. Haina betri kubwa ya lithiamu ya kukuletea maswali uwanja wa ndege, na pamoja na adapta yake inakaa pembeni ya begi bila kula kilo zako.

Nani ataiwasha Jumatatu asubuhi?

Hili ndilo swali tunalotaka uwaulize nyumbani kabla hujaenda dukani. Jibu la "ni ya wote" halitoshi. Kitu cha wote kinaishia kufunikwa kitambaa, au kinakuwa cha kuangalia filamu, na TV tayari ilikuwepo.

Majibu mazuri yanafanana na haya: mdogo wetu amemaliza kidato cha sita, anaomba mkopo HESLB na baadaye nafasi za kazi kwenye Ajira Portal. Au, kwa ndugu wa Kenya, kijana anahitaji KUCCPS, HELB na eCitizen kila mara. Mama ana duka na daftari la madeni halisomeki tena. Dada amesomea ukatibu na anataka kufungua steshenari ndogo barazani, printa atanunua mwenyewe.

Hapo tuwe wakweli kuhusu hesabu. Watu husema kompyuta "itaokoa pesa ya steshenari" au ya saiba. Tuchukue mfano: kila safari ya steshenari shilingi 3,000 za Tanzania, mara 4 kwa mwezi. Ni 12,000 kwa mwezi, 144,000 kwa mwaka. Kompyuta na vifaa vyake, kama utakavyoona hapa chini, inapita shilingi laki 5. Yaani inachukua zaidi ya miaka 3 pesa kurudi, na hapo hujahesabu umeme na bando. Kwa hiyo kuokoa nauli ya steshenari peke yake siyo sababu ya kununua. Sababu ni mtu kujifunza ujuzi kwa kuutumia kila siku, au kuingiza kipato. Familia inayojaza fomu mara 5 kwa mwaka, iendelee kulipa steshenari. Hakuna aibu yoyote.

Bei ya kisanduku siyo bei ya kompyuta

Hapa ndipo wengi wanapopigwa bila hata kuibiwa. Andika orodha nzima. Huu ni mfano wa kukuonyesha jinsi ya kupanga, wewe weka bei za mtaa wako:

Kisanduku, rial 50.
Kibodi na mausi, rial 5.
Waya wa kuunganisha na TV, rial 3.
Kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka, kama hakimo ndani, rial 4.
UPS na ekstensheni nzuri, vinunuliwe nyumbani, rial 20.

Jumla rial 82, kama dola 213. Kumbuka dada yetu analipwa rial 90. Zile "rial 50 tu" zimekuwa mshahara wa mwezi karibu wote. Na TV tumeihesabu ipo tayari. Kama haipo, au wazee hawataki taarifa ya habari iingiliwe, ongeza skrini.

Ndiyo maana tunashauri isitoke kwenye mshahara wa mwezi mmoja. Tenga rial 28 kwa miezi 3, unapata 84. Pesa ya ada, ya kodi na ya kula nyumbani inaendelea kwenda kama kawaida, haiguswi.

Ya kukagua dukani

Iwe ni Ruwi, Bur Dubai au duka la mitumba Uingereza, usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Wenye siku moja ya mapumziko kwa wiki, nendeni na mtu, na nendeni mapema kabla ya tarehe ya safari. Mambo ya kuangalia ni haya.

1. Namba ya prosesa, siyo jina. Muuzaji atasema "i5 hii" au "i7 hii". Soma tarakimu zinazofuata. i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-8500T ni kizazi cha 8, i5-10500T ni kizazi cha 10. Kwa Intel za ofisi, chukua kuanzia kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi za nyuma yake. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama. i7 ya kizazi cha 4 inaweza kuwa na jina kubwa, lakini ni mzigo wa zamani.

2. RAM isipungue GB 8. GB 4 itawaka, ila ukifungua kurasa tatu na barua moja inaanza kuburuta miguu.

3. Hifadhi iwe SSD, GB 256 au zaidi. Ukiona eMMC GB 64, iache. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa, masasisho mawili matatu yakija nafasi imekwisha.

4. Thibitisha kwenye mashine, siyo kwenye stika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda palipoandikwa Performance. Utaona prosesa, RAM na diski. Piga picha.

5. Matundu ya nyuma. Mitumba mingi ya ofisi haina HDMI, ina DisplayPort. TV ya nyumbani ina HDMI. Bila waya sahihi, kompyuta nzima inakaa bure. Angalia pia kama Wi-Fi ipo, kwa sababu ofisini zilikuwa zinatumia waya na baadhi hazikuwekewa.

6. Adapta yake halisi. Isome: iandikwe 100-240V. Oman, Emirati na Uingereza plagi ya pini tatu za bapa ni ileile ya nyumbani. Mlio Marekani, umeme wa huko ni volti 120 na plagi ni tofauti, kwa hiyo maandishi hayo ndiyo usalama wako.

7. Nywila ya kampuni ya zamani. Mwambie muuzaji aizime, aiwashe, aingie kwenye BIOS mbele yako. Ikidai nywila ambayo hana, rudisha pesa mfukoni.

Risiti iandikwe modeli na siku za waranti. Na ujue waranti ya Ruwi inabaki Ruwi, haipandi ndege. Kwa hiyo itumie wewe mwenyewe angalau wiki moja kabla ya kufunga begi. Kambini au chumbani, iache iwake masaa mawili matatu, sikiliza feni, cheza video. Mashine yenye ugonjwa wa kupata moto au kuzima ghafla mara nyingi inajionyesha mapema. Kama unatuma kwa kago, ulizia ushuru wa forodha kabla, usije ukamwachia mama bili bandarini.

Umeme na bando

Kompyuta ndogo ikila wati 12, masaa 4 kwa siku, kwa mwezi ni uniti kama moja na nusu. TV ya wati 40 kwa masaa hayohayo inaongeza karibu uniti 5. Kompyuta kubwa ya zamani ya mnara inaweza kula mara tano au zaidi ya kisanduku hiki. Kwa nyumba inayonunua LUKU au tokeni kidogokidogo, tofauti hiyo inaonekana.

Udhaifu mkubwa ni huu: haina betri. Umeme ukikatika, kazi ambayo haijaseviwa imekwenda. UPS ndogo inakupa dakika za kusevu na kuzima vizuri. Usibebe UPS kutoka huku, betri yake ni nzito na inakula kilo zako zote.

Bando nalo lipunguze kabla ya kutuma. Ukiwa na Wi-Fi nzuri huku, pakua LibreOffice, ni bure na inafungua barua na majedwali bila leseni ya kulipia. Weka Kiwix, kisha pakua Wikipedia nzima ya Kiswahili, isomwe nyumbani bila intaneti hata siku ambayo bando limekata. Fanya masasisho ya Windows yote kabla ya safari, la sivyo siku ya kwanza tu kompyuta itameza bando la mwezi.

Lini usinunue

Mwanafunzi anayekaa hosteli ya chuo anahitaji laptopu, hata ya mtumba, kwa sababu ataibeba darasani. Kisanduku hakimfai. Nyumba isiyo na umeme wa uhakika, subirini. Na kama bado unalipa deni la safari au la wakala, au ada ya muhula ujao haijakamilika, tunakuomba uache kabisa. Kompyuta haikimbii. Bei za RAM zilipanda dunia nzima mwishoni mwa 2025 na muuzaji atakutisha kwamba kesho itapanda tena. Kesho ikipanda, utanunua ya kizazi kingine kilichotolewa ofisini. Mitumba haiishi.

Tunajua lipo jambo lingine ambalo halisemwi. Uko mbali miaka miwili, unataka wakuone kwa kitu kinachoonekana sebuleni. Pesa uliyotuma ikawa unga na dawa, hakuna anayeipiga picha. Hilo tunalielewa wote. Lakini kitu kitakachosema juu yako kwa muda mrefu ni mdogo wako kuandika barua yake mwenyewe ya kazi.

Basi leo tuma ujumbe mmoja nyumbani wenye maswali matatu: nani atakuwa mwenye kompyuta, ataifanyia kazi gani kila wiki, na itakaa wapi yenye usalama na umeme. Wakijibu kwa majina na kazi, anza kutenga rial 28 mwezi huu. Wakijibu "wewe lete tu", iache hiyo pesa kwenye akiba yako.