Kenya Ikitazamwa Kutoka Helikopta

Kila mwaka story ni ile ile. Wabunifu wa Paris na Milan wanaonyesha nguo zao za vuli, kufikia jioni TikTok imejaa orodha za "kumi bora", na wasee wa Nairobi wanapost makoti ya sufu ni kama kesho theluji inaanguka Rongai. Mi pia natazama, sikatai. Lakini ukiniuliza ni mkusanyiko gani wa vuli haujawahi kunitoka kichwani, si wa mwaka huu wala wa jana. Ni wa Louis Vuitton, nguo za wanaume, Paris, Januari 2018.

(Kwa wale wanaanza sasa: nguo za vuli huonyeshwa Januari mpaka Machi, ndio zifike madukani kuanzia Agosti hivi. Na vuli yao si ile mvua yetu ya Oktoba. Kule ni majani kupukutika. Sisi baridi yetu ya Julai inakuwa ishaisha wakiziweka dirishani.)

Watu wengi wanakumbuka onyesho hilo kwa sababu ya Kate Moss na Naomi Campbell, waliotoka mwishoni na makoti yenye nembo ya LV, kumuaga mbunifu Kim Jones aliyekuwa anahama. Mi nakumbuka nguo zilizochapishwa ardhi. Ardhi kabisa, mikunjo na rangi zake, ikionekana kutoka juu. Picha alipiga Jones mwenyewe akiwa kwenye helikopta, na ardhi ni ya Kenya. Zilikuwa noma. Msee akitembea ni kama amejifunga ramani ya kwetu miguuni.

Sasa angalia hii. Onyesho lake la kwanza pale Louis Vuitton lilikuwa Juni 2011, na alilijaza miraba ya shuka ya Kimaasai. Alianza na shuka yetu, akamaliza na udongo wetu. Na si mtalii wa wiki moja. Alizaliwa London lakini sehemu ya utoto wake ilikuwa hapa Kenya, juu babake alikuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. (Mzee kama huyo Kitengela tungempokea kwa ngoma. Anayeishi na maji ya bowza anajua.)

Kwa hivyo siungani na wale wanaopiga kelele "wametuibia shuka". Hiyo kesi ni rahisi kushindwa. Wamaasai walivaa ngozi kabla ya vitambaa kuingia kwa biashara, na shuka unayonunua leo stage imetoka kiwandani, pengine China. Hata shanga zenyewe, zile nzuri za kioo, kwa miaka mingi zimetoka Ucheki. Ukienda mahakamani kutetea miraba myekundu, wakili wa Paris atakutoa raundi ya kwanza.

Chenye ni chetu bila ubishi ni kazi ya mikono. Ni kujua rangi gani ikae karibu na gani, waya ukunjwe vipi ili shingo ikae duara, na mtu wa wapi anavaa nini. Nilimwonyesha jirani yetu, mama anayeshona shanga, picha za John Galliano akianza pale Dior, Januari 1997, zile za mikufu mipana ya shanga juu ya magauni ya hariri. Nilidhani atakasirika ama atafurahi. Aliivuta simu karibu, akakuza picha kwa vidole viwili, akasema, "Hii si kazi ya siku moja, mwanangu. Nani alilipwa?"

Hilo ndilo swali, na kutoka kwa helikopta halionekani. Ukiwa juu unaona mabonde na njia za ng'ombe. Humwoni mama amekaa chini ya mti Bisil na sinia ya shanga, ama wale wa Namanga wanaokimbizana na magari ya watalii mpakani, mtu akiteremsha bei ya mkufu mpaka inabaki ya chips na soda.

Na msiniambie haiwezekani kulipa. Koy Clothing, kampuni ndogo ya Uingereza, ilikubali kulipa Wamaasai ada kwa nguo zenye miundo yao. Kampuni ndogo! Vivienne Westwood naye alikuwa na mifuko iliyotengenezwa hapa Nairobi, kazi ikabaki na mafundi wa hapa. Kama hao waliweza, nyumba inayouza mkoba mmoja kwa bei ya ploti ya Kisaju isiniambie hesabu ni ngumu.

Lakini pia tusisukume kila kitu Ulaya. Kenya ina sheria tangu 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inasema anayetaka kutumia aombe ruhusa ya jamii kwanza, na usajili wa kwanza inaupa kaunti. Kaunti, yaani Kajiado, si Paris. Halafu 2017 serikali ikaanzisha mpango wa Ushanga Kenya kwa kaunti saba za wafugaji, na Kajiado ni mojawapo. Sheria yetu haifiki Ufaransa, najua. Ila ukienda kudai bila daftari lenye kuonyesha kazi ni ya nani, unadai na nini?

Cheki vile tumekaa. Asubuhi na mapema matatu zinajaa Kitengela zikipeleka watu EPZ pale Athi River kushona nguo za Marekani. Jumamosi hao hao wako soko wanachagua makoti ya vuli ya mtumba, kamera, yamevaliwa na kuchokwa huko ng'ambo. Tunashona ya kwenda, tunavaa ya kurudi. Hapo katikati, penye jina na pesa, ndipo nataka nimwone huyo mama wa shanga.

Nikipewa dakika tano na mbunifu anayepanga vuli ijayo, simwambii aache kuchukua kwetu. Namwambia tu aje kwa barabara. Namanga Road ni lami mpaka Kajiado mjini. Kutoka uwanja wa ndege ni kama saa mbili, ukiwa na bahati ya foleni pale Kitengela, na huwa hakuna bahati.