Vitabu Vyetu Virejee Nyumbani

Mwaka 2021 fasihi ya Unguja na Pemba ilipata heshima ambayo haikuwahi kuipata. Mwezi wa Septemba filamu ya "Vuta N'kuvute", aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, nchini Kanada. Tarehe 7 Oktoba ikatangazwa huko Stockholm kwamba Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, ndiye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwezi wa Novemba UNESCO nayo ikaamua kwamba tarehe 7 Julai ya kila mwaka iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Pongezi zikamiminika, hotuba zikasomwa, na kila mmoja wetu akavimba kifua kwa fahari.

Katika mwaka huo huo alifariki dunia Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933. Huyu hakuondoka Visiwani kwenda kutafuta elimu ya juu. Alisoma chuoni, akafundishwa na bahari, na tungo zake zikaimbwa katika taarab. Diwani yake iitwayo "Kimbunga" ilichapwa mwaka 1994, na baadaye akatuachia kamusi ya Kitumbatu. Mmoja alivishwa taji ugenini na mwengine alizikwa nyumbani, na wote wawili ni wana wa Visiwa hivi.

Tangu siku hizo miaka imepita, na kishindo cha pongezi kimetulia. Sasa ni wakati wa kuuliza swali ambalo katika furaha ile halikuulizwa. Kijana wa kidato cha tatu aliyeko Makunduchi, Mkokotoni, Wete au Micheweni, akitamani leo kuvisoma vitabu hivi tunavyojivunia, atavipata wapi? Je, atavikuta katika kabati la skuli yake? Atavikuta katika duka lililo karibu na kwao? Au itampasa apande gari, na wa Pemba apande boti, aje mjini akabahatishe? Kila anayezijua skuli zetu za mashamba analijua jibu, na jibu hilo halipendezi.

Yafaa tukumbushane kwanza ukubwa wa mali tunayoizungumzia, kwa sababu wako wanaodhani kwamba fasihi yetu ilianza siku ya Nobel. Muhammed Said Abdulla alichapisha "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, akatuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili kali, ambaye wazee wetu walimsoma kwa zamu hadi kurasa zikachakaa. Mohamed Suleiman Mohamed akafuata na "Kiu" mwaka 1972 na "Nyota ya Rehema" mwaka 1976. Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, alitoa "Asali Chungu" mwaka 1977 na "Utengano" mwaka 1980. Adam Shafi aliandika "Kasri ya Mwinyi Fuad" mwaka 1978 na "Kuli" mwaka 1979, riwaya inayotupeleka bandarini katika siku za mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Ni nadra kwa nchi yenye watu wachache kama sisi kutoa waandishi wengi wa daraja hiyo katika muda wa miaka ishirini tu. "Utengano" imesomeshwa hata katika skuli za sekondari za Kenya. Jirani ameona faida ya kumsomesha mwanawe kitabu chetu. Sisi wenyewe tunangoja nini?

Jawabu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Husemwa kwamba simu imewateka, kwamba wao ni watu wa nyimbo na picha, na kwamba kitabu kwao ni mzigo. Safu hii haikubaliani na shutuma hiyo. Kijana anayezijua beti za nyimbo ishirini kwa moyo, anayebishana na wenzake usiku kucha barazani juu ya maana ya neno moja la mafumbo katika wimbo wa taarab, huyo hana upungufu wa hamu ya lugha. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri kwa Kiswahili, hakuwaimbia watu wa vyuo vikuu. Aliwaimbia watu wa kawaida, nao wakamfahamu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliwakusanya wazee na vijana katika uwanja mmoja. Hamu ya neno zuri ipo, na imekuwapo daima. Kilichokosekana ni kitabu chenyewe kumfikia mwenye hamu. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutokunywa maji ikiwa mfereji haukufika mtaani kwake.

Tena tuyatazame majengo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Mji mzima ulitetemeka, na habari ikaenea duniani, kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Tulihuzunika, na ilitupasa kuhuzunika. Lakini kitabu kinapoacha kuchapwa, nakala za mwisho zikaliwa na mchwa na unyevu, hakuna mshindo unaosikika. Hakuna vumbi linalopanda juu wala waandishi wa habari wanaokuja mbio. Kizazi kimoja kinakisahau, kizazi cha pili hakijui kwamba kiliwahi kuwapo. Jumba huweza kujengwa upya kwa kufuata picha na michoro yake. Diwani iliyopotea pamoja na mtunzi wake haina mchoro wa kufuata.

Hapa tufike katika jambo lililo gumu zaidi, na tuliseme bila kuzunguka. Wako miongoni mwetu, ndani ya Chama na ndani ya Serikali, wanaoona kwamba baadhi ya vitabu hivi si vya kuwapa watoto, kwa sababu vinagusa vidonda. Gurnah aliondoka nchini katika miaka ya 1960, akaandika kwa Kiingereza, na katika vitabu vyake wamo watu walioumia baada ya mwaka 1964. Katika "By the Sea", riwaya yake ya mwaka 2001, mzee wa kwetu anaomba hifadhi Uingereza baada ya kuonja jela ya nchini mwake. Maneno haya ni machungu kwa mwana wa Chama kuyasoma. Lakini je, dawa ya uchungu huo ni kukifunika kitabu?

Tumtazame Adam Shafi. Mkono ulioandika "Kasri ya Mwinyi Fuad", kitabu kinachoonesha dhuluma ya umwinyi na sababu za Mapinduzi kwa uwazi kuliko hotuba nyingi, ndio mkono ulioandika "Haini" mwaka 2003, riwaya ya mateso ya gerezani baada ya kuuawa kiongozi. Hakuwa mtu wa pande mbili. Ni mwandishi mmoja mwenye macho mawili, aliyeiona dhuluma ya jana akaieleza, na alipoiona dhuluma iliyofuata hakulifumba jicho lake. Anayekisoma cha kwanza peke yake atapata nusu ya mafunzo, na anayekisoma cha pili peke yake atapata nusu nyengine. Kabati la skuli linatakiwa kuwa na vyote viwili, na mwalimu awaache vijana wabishane.

Wananchi wa Zanzibar walipokwenda kupiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, walikubali kwa wingi kwamba waliokuwa mahasimu wakae katika serikali moja. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini maridhiano ya viongozi huandikwa katika karatasi za sheria, na karatasi za sheria haziingii katika kila nyumba. Maridhiano ya wananchi yanahitaji kila upande usikie kilio cha upande wa pili, na hakuna njia ya upole zaidi ya kufanya hivyo kuliko riwaya. Mtoto wa mkulima aliyenyang'anywa konde lake akimsoma mtoto wa mfanyabiashara aliyepoteza duka lake, na huyu akamsoma yule, huenda siku moja wakakutana katika foleni ya kupiga kura bila ya kuoneana shaka. Mapinduzi yenye miguu imara hayatikisiki kwa sababu ya ukurasa wa kitabu. Na kama yapo yanayoelezwa ambayo si ya kweli, jawabu la kitabu ni kitabu. Vijana wetu wapewe kalamu wajibu.

Kuna pia suala la lugha. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki yote. Hata hivyo "Paradise" ya Gurnah, iliyotoka mwaka 1994, ilingoja hadi mwaka 2022 kusomeka kwa Kiswahili, pale Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la "Peponi" na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapa. Ilichukua miaka 28. Ndani yake yumo kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa tajiri ili kulipia deni, na mkasa wake unamkumbusha kila aliyepita chuoni kisa cha Nabii mwenye jina hilo. Hadithi hii ni ya pwani yetu, ya misafara yetu, ya madeni na rehani zetu. Ilikuwa haki isomwe kwanza hapa. Sasa imekuja katika lugha yetu, na kilichobaki ni kuifikisha mikononi mwa watu.

Kwa hivyo safu hii inapendekeza mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, Wizara ya Elimu ikubaliane na waandishi, warithi wao na wachapaji, ili vichapwe upya vitabu ishirini vya waandishi wa Visiwani, na kila skuli ya sekondari ya Unguja na Pemba ipate sanduku lake la nakala za kutosha darasa zima. Waandishi walipwe haki yao, kwani heshima bila malipo haimshibishi mtu.

La pili, vitabu hivyo visomwe redioni, sura kwa sura, jioni baada ya sala ya isha, kwa sauti za watu wanaojua kusoma. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za bara hili hazijaiota. Haitatushinda leo kumsomea riwaya mvuvi wa Nungwi na mama anayesuka ukili wake huko Kojani.

La tatu, katika kila moja ya wilaya zetu 11 ateuliwe ofisa wa utamaduni atakayepita kwa masheha kuwatafuta malenga wakongwe, wake kwa waume, azinakili tungo zao na kuzirikodi sauti zao, na nakala ziwekwe katika Nyaraka za Taifa. Kina Haji Gora wengine wapo, na umri hauwangoji.

La nne, tarehe 7 Julai ya kila mwaka iwe siku ya hesabu. Waziri anayehusika aeleze hadharani ni vitabu vingapi vimefika katika skuli ngapi, mji na mashamba. Idadi ya hotuba zilizosomwa siku hiyo tunaijua tayari.

Najua itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Fedha hazijapata kutosha tangu dunia iumbwe, na ndiyo maana watu hupanga. Chama chetu kinapofika wakati wa kampeni hujua kuchapa kanga, kofia na fulana kwa maelfu, zikamfikia mtu hadi kisiwa cha mwisho chenye moshi wa jiko. Njia hiyo hiyo, kwa boti hizo hizo na makada hao hao, inaweza kukifikisha kitabu. Fulana itachakaa kabla ya uchaguzi ujao. Kitabu kitasomwa na mtoto, kisha na mdogo wake, kisha na mtoto wa jirani.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure kwa watoto wote wa Zanzibar, bila ya kujali rangi wala kabila. Ahadi ile haikuwa ya kuta na madawati pekee. Sisi tuliofundishwa chuoni kwamba amri ya kwanza iliyoshushwa ni ya kusoma, kisha tukasomeshwa na Serikali kwa gharama za umma, hatuna udhuru mbele ya mtoto anayetaka kusoma akakosa cha kusoma. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Bajeti ijayo itakapowasilishwa mbele ya Baraza la Wawakilishi, waheshimiwa wawakilishi na wakitafute kifungu cha vitabu. Wasipokiona, wasimame waulize kilikokwenda.