Mwanafunzi wa usanifu apewe tatizo kabla ya kompyuta

Masomo ya usanifu wa michoro mara nyingi huanzia kwenye kompyuta. Mwanafunzi hujifunza kukata picha, kupanga safu, kutia kivuli nyuma ya maandishi. Miezi michache baadaye anajivunia kadi ya harusi inayong'aa, bango la tamasha na nembo ya duka la simu. Mkabidhi sasa bahasha ya dawa, ile ndogo ya karatasi ambayo mtoa dawa ameiandika "1x3" kwa kalamu, umwambie: kuna bibi wa miaka sabini, macho yamefifia, umeme umekatika, na asikosee dozi. Wengi wataanza kwa kutafuta fonti.

Lawama si ya vijana. Wamefundishwa chombo, hawakuzoezwa kulihoji tatizo. Na kulihoji tatizo hakuji kwa kipaji peke yake. Kunataka mazoezi, tena ya mara kwa mara, tena yenye masharti magumu.

Josef Albers alilijua hilo karne moja iliyopita. Mwaka 1923 alianza kufundisha katika kozi ya msingi ya Bauhaus, shule iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Mwanafunzi wake mmoja, Hannes Beckmann, alisimulia baadaye jinsi mwalimu huyo alivyoingia darasani na rundo la magazeti, akayagawa, akataka kila mtu atengeneze kitu kinachotokana na tabia ya karatasi yenyewe, ikiwezekana bila mkasi wala gundi. Kisha akatoka. Aliporudi baada ya saa kadhaa alikuta makasri, ndege, wanyama na vinyago vimepangwa mbele yake. Hakuvutiwa. Vitu hivyo, alisema, vingetoka vizuri zaidi kwa malighafi nyingine. Kazi aliyoinyanyua ilikuwa ile iliyoonekana duni kuliko zote: gazeti lililokunjwa kwa urefu tu, likasimama wima. Karatasi laini, isiyoweza kujibeba, ilikuwa imepata nguvu kwa mkunjo mmoja.

Nguvu ya zoezi lile ilikuwa katika kunyimwa. Aliyenyimwa mkasi hulazimika kuitazama karatasi. Aliyenyimwa rangi zote isipokuwa nyeusi hulazimika kufikiria ukubwa, nafasi na mpangilio. Mwanafunzi anayefungua programu yenye mamia ya fonti na mamilioni ya rangi hanyimwi kitu, na kwa hiyo halazimiki kuamua lolote kwa sababu anayoweza kuieleza.

Yapo mazoezi mepesi zaidi ya kuanzia. Robert McKim wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ndiye anayehusishwa na zoezi la miduara 30: karatasi moja, miduara mitupu, dakika chache, geuza mingi uwezavyo iwe vitu vinavyotambulika. Ya kwanza huwa jua, mpira, saa ya ukutani, uso unaocheka. Baada ya hapo kichwa hukwama, na hapo ndipo faida inapoanza. Mmoja ataunganisha miduara miwili apate baiskeli, mwingine atachora kitumbua, wa tatu ataugeuza mduara uwe ngoma iliyotazamwa kutoka juu. Mwalimu hafundishi kuchora hapo. Anamzoeza kijana kutoliamini wazo lake la kwanza.

Kuna jambo moja ambalo wahadhiri wengi hulifanya kwa nia njema, nalo halina msingi imara. Alex Osborn, mtu wa matangazo kutoka Marekani, ndiye aliyeeneza desturi ya kundi kuketi pamoja na kumwaga mawazo bila kukosoana. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja kivyake. Mawazo ya waliokaa peke yao, yalipojumlishwa na yaliyofanana kuhesabiwa mara moja, yalikuwa mengi zaidi na bora zaidi. Kundi lina kazi yake, ila lije baadaye. Kwanza kila mwanafunzi akae na karatasi yake. Hata yule mkimya wa nyuma atapata cha kuweka mezani.

Hata hivyo, miduara ni ya kupasha misuli tu. Darasa likiishia hapo, litatoa vijana wepesi wa kubuni vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Zoezi kamili lazima liwe na mwenye tatizo.

Deborah Adler alimpata wake nyumbani. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika School of Visual Arts, New York, bibi yake alipomeza kwa makosa dawa za babu. Chupa zilifanana na majina yalikaribiana. Adler akaligeuza tatizo hilo kuwa kazi yake ya kuhitimu. Jina la dawa likapanda juu, maandishi yakapata uso bapa wa kusomeka bila kuizungusha chupa, na kila mwanafamilia akapewa rangi yake. Mwaka 2005 maduka ya Target yalianza kutumia chupa zilizotokana na wazo hilo.

Afrika Mashariki hatukosi mifano ya namna hii. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965, wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Daladala za Dar es Salaam zimetambulika kwa mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha njia. Dawa mseto ya malaria huja katika pakiti zinazotofautishwa kwa rangi kulingana na uzito wa mgonjwa, na picha zinazomwongoza mlezi katika dozi sita za siku tatu. Kila kimoja ni jibu la mtu aliyemfikiria mtumiaji kabla ya kufikiria pambo.

Ile bahasha ya "1x3" basi ingefaa kuwa zoezi la wiki nzima. Masharti: wino wa rangi moja, ukubwa uleule, na mtoa dawa aweze kuijaza kwa sekunde kumi foleni ikiwa ndefu. Matatizo yatajitokeza yenyewe. Jua linalochomoza na jua linalozama huchorwa vilevile; bibi atajuaje lipi ni la asubuhi? Ukiandika 8:00, mmoja ataelewa saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana, kwa kuwa sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Ukichora sahani ya ugali kumaanisha baada ya kula, je, mgonjwa anayepata mlo mmoja kwa siku atameza mara ngapi? Hakuna programu itakayomuuliza mwanafunzi maswali hayo. Atayapata akienda kwenye dirisha la dawa, amwonyeshe mama aliyebeba mtoto mchoro wake, anyamaze, amsikilize anavyousoma.

Wapo watakaosema soko linataka mtu anayejua programu, si mkunja magazeti. Ni kweli tangazo la kazi huzitaja programu kwa majina. Lakini programu hubadilika, na siku hizi kompyuta hutoa picha nzuri kwa kuandikiwa sentensi moja. Kijana ambaye mtaji wake ni kujua vitufe ndiye atakayeumia kwanza.

Alama nazo zibadilike. Nusu zitolewe kwa michoro iliyotupwa, sababu za kuitupa, na maelezo ya waliojaribu kuitumia. Bango la mwisho lichukue nusu iliyobaki. Chuo kinachotaka kuanza muhula ujao kinahitaji rimu moja ya karatasi, penseli, na mhadhiri atakayekubali kwenda kumwomba ruhusa mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho jirani.