Kabla hujauza muswada wako wa kwanza

Kila ninapomwambia mtu kwamba nimemaliza kuandika muswada wa filamu, swali la kwanza huwa ni moja: "Huogopi kuibiwa?" Haulizi unahusu nini, wala nani atacheza. Na muulizaji mara nyingi hana habari na mambo ya sinema, ni mhasibu tu wa watu au jirani anayeuza vocha. Hofu hii imetuingia vijana wa Bongo kiasi kwamba nawafahamu watu wenye stori nzuri ajabu ambazo hawajamwonyesha mtu yeyote. Wanazitunza kama hirizi. Miaka inakwenda, stori zinazeeka pamoja nao.

Mimi naona hofu hiyo tumeielekeza kusiko. Mgeni kwenye tasnia ya filamu anaumizwa mara chache na mwizi, na mara nyingi na mnunuzi halali kabisa, yule anayekukaribisha ofisini, anakuagizia soda baridi, halafu anakusogezea karatasi ya kusaini.

Lakini tuanze na huo wizi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo. Inalinda kazi uliyoitunga, yaani namna ulivyolieleza hilo wazo. Ukikaa baa pale Sinza ukamsimulia prodyuza stori ya konda wa daladala aliyeokota begi la fedha, ukaondoka zako, hujaacha mezani kitu ambacho sheria inaweza kukishika. Makonda na mabegi ni ya watu wote. Ukimpa kurasa 90 zenye wahusika wenye majina, mazungumzo yao na matukio yanavyofuatana, hapo umempa mali. Mali hiyo ni yako tangu siku ulipoiandika, na haki zake zinadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kwenda COSOTA kuisajili ni jambo zuri, maana unapata ushahidi wa tarehe, ila usidhani usajili ndio unaokupa umiliki.

Sasa tatizo letu ni kwamba kwa miaka mingi hatukuwa na hizo kurasa 90. Enzi za DVD, zile zilizofuata baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, kazi nyingi zilipigwa kwa siku chache, na mwigizaji alielezwa sini akiwa tayari lokesheni. Anaambiwa wewe ni mke mkubwa, umegundua mumeo ana nyumba ndogo, haya lia. Mara nyingi mtunzi, muongozaji na nyota wa filamu alikuwa mtu yule yule. Msambazaji wa Kariakoo alinunua filamu pamoja na haki zake kwa mkupuo, kisha stori moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mteja anunue mara mbili. Katika biashara ya namna hiyo muswada haukuwa bidhaa, kwa hiyo haukuwa na bei. Kichekesho ni kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilikuwa inataka maelezo ya kina ya filamu kabla hujapewa kibali cha kuitengeneza. Serikali ilitaka karatasi kabla wenye filamu wenyewe hawajaona faida yake.

Leo angalau bei imeanza kuonekana. Tamthilia za televisheni zinameza stori kila wiki, na huwezi kuendesha kitu kama Huba au Jua Kali kwa kuambizana lokesheni. Waandishi wanatafutwa. Ndiyo maana naona ni wakati wa kujua tunachokiuza.

Nadhani wengi wetu tumeiona Coming to America, ile ya Eddie Murphy ya mwaka 1988, mwana wa mfalme wa Zamunda anakwenda Queens kutafuta mke. Wachache wanajua kwamba stori ile ilifika mahakamani. Art Buchwald, mwandishi wa safu za magazeti huko Marekani (mwenzetu kabisa), alikuwa amewapelekea Paramount kurasa chache kuhusu mtawala wa Kiafrika anayekwama Marekani, na mwaka 1983 studio ikasaini naye mkataba. Baadaye wakamwambia wameachana nayo. Filamu ilipotoka, jina lake halimo, stori imeandikwa ni ya Eddie Murphy. Akashtaki pamoja na prodyuza wake, Alain Bernheim, na mwaka 1990 jaji akakubali kwamba filamu ilitokana na kurasa zile. Angalia alivyoshinda. Kesi haikusimama juu ya kuibiwa wazo, ilisimama juu ya mkataba uliosema atalipwa kwa filamu itakayotokana na kazi yake. Bila karatasi ile angebaki mzee mmoja anayelalamika kwenye safu yake.

Halafu ikaja sehemu ya pili, ambayo kila mgeni anapaswa kuisoma mara mbili. Mkataba uliwaahidi asilimia ya faida halisi. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani, na Paramount wakasema faida halisi hakuna. Gharama za uendeshaji wa studio, matangazo, riba, vyote vilikuwa vimekatwa, na hesabu ikabaki hasi. Mahakama iliona baadhi ya vipengele vya hesabu ile ni vya uonevu, na mwaka 1992 ikaamuru Buchwald alipwe dola 150,000 na Bernheim dola 750,000. Sasa ikiwa studio yenye wahasibu na wakaguzi inaweza kukwambia hakuna faida, prodyuza wa Bongo anayetunza risiti kwenye mfuko wa rambo atakwambia nini? Ukiahidiwa asilimia ya faida, ichukulie kama zawadi ya sikukuu. Dai fedha taslimu, hata kama ni ndogo.

Wenzetu hao hao wana utaratibu ambao ningeuita kishika uchumba. Prodyuza hanunui muswada siku ya kwanza. Anakupa fedha kidogo ili kwa muda maalumu, tuseme miezi 12 au 18, usimpe mtu mwingine. Katika muda huo anahangaika kutafuta mtaji na waigizaji. Akifanikiwa analipa mahari, yaani bei yote mliyoiandika tangu mwanzo. Akishindwa, muda unaisha, muswada unarudi kwako na kishika uchumba hudaiwi. Jamani, sisi watu wa posa na washenga, utaratibu huu umetushinda nini? Prodyuza wetu asiye na fedha nyingi angeupenda kuliko yeyote, kwa sababu unamgharimu kidogo.

Najua nitajibiwa kwamba mgeni hana ubavu wa kupanga masharti. Rafiki yangu mmoja hunitolea mfano wa Sylvester Stallone na Rocky, alivyogoma kuuza mpaka acheze yeye. Mfano huo haunisaidii. Rocky haikuwa muswada wake wa kwanza, na kwa kila Stallone aliyegoma akapata wapo wengi waliogoma wakasahaulika. Kwenye bei mgeni ashuke, sina ubishi. Asichopaswa kushuka ni jina lake kwenye skrini, maana bila jina hilo muswada wa pili utauuza kama mgeni tena.

Nasema haya nikiwa na ofa mezani. Prodyuza mmoja, simtaji, anataka muswada wangu kwa shilingi 700,000. Kwa fedha hiyo anachukua kila kitu: filamu, tamthilia ikitokea, sehemu ya pili, na kipengele cha jina la mtunzi hakimo kabisa. Nilipouliza, akacheka, akasema watu hawasomi majina. Kwa mshahara wa ripota wa gazeti, laki saba si fedha ya kuchezea, hasa pale mwenye nyumba anapotaka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Nimemrudishia mkataba Jumatatu nikiwa nimeusahihisha kwa kalamu nyekundu: bei nimeiacha ile ile, haki ni za filamu moja tu, asipoanza kupiga picha ndani ya miezi 18 muswada unarudi, na jina langu linakaa kabla ya jina la muongozaji.

Leo ni Alhamisi. Hajajibu, na mwenye nyumba amepiga simu mara mbili.