Antena ya paani: Matangazo ni ya bure, makosa ndiyo ghali

ZAIDI ya mwongo mmoja baada ya Kenya kuhamia dijitali, zingali zipo familia zinazoamini kwamba runinga haiwezi kuonyesha habari pasipo kulipiwa kila mwezi.

Dhana hiyo ilizaliwa katika purukushani za 2015. Mnamo Februari 14 mwaka huo, Mamlaka ya Mawasiliano nchini (CA) ilizima mitambo ya analojia ya Citizen, NTV na KTN huku mzozo kuhusu leseni za kusambaza mawimbi ukitokota. Vituo hivyo vilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Makataa ya kimataifa, yaliyoafikiwa Geneva mwaka wa 2006, yalikuwa Juni 17, 2015.

Katika hekaheka hizo, wananchi walinunua ving'amuzi vilivyokuwa karibu, vingi vikiwa vya kampuni za kulipia. Dijitali na malipo vikawa kitu kimoja akilini mwa wengi.

Ukweli ni kwamba matangazo ya bure yapo. Kenya hutumia mfumo wa DVB-T2. Runinga iliyoundwa na mfumo huo ndani yake, au king'amuzi cha bure kinachonunuliwa mara moja tu, pamoja na antena, vinatosha.

Hapo ndipo wafanyabiashara wajanja hupata mwanya. Madukani kumejaa vifaa vilivyoandikwa "antena ya dijitali" na kuuzwa ghali. Hata hivyo, antena haijui dijitali wala analojia. Hunasa mawimbi ya masafa fulani tu. Matangazo ya dijitali husafiri kwa masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470. Antena ya zamani ya UHF, yenye vijiti vifupi vya takribani sentimita 20 hadi 32, ingali na manufaa iwapo haijashikwa na kutu. Ile ya vijiti virefu vya mita moja au zaidi iliundiwa masafa mengine.

Jambo la pili ni mahali. Mabati huzuia mawimbi, hivyo antena ndogo ya mezani aghalabu hushindwa ndani ya nyumba ya mabati. Ikipandishwa juu ya paa na kuelekezwa mnara ulipo, mambo hubadilika. Pale minara ya wasambazaji inapokuwa kwenye vilima tofauti, fundi hulazimika kutafuta mwelekeo wa wastani, la sivyo baadhi ya vituo vitakosekana.

Isitoshe, dijitali haina subira. Analojia ilionyesha picha yenye chenga mawimbi yalipofifia, na mtazamaji akavumilia. Dijitali huganda, kisha skrini hutiwa giza. Ndiyo maana kila baada ya kuigeuza antena kidogo, sharti vituo vitafutwe upya na kiwango cha mawimbi kitazamwe.

Wengi hukimbilia kifaa cha kuongeza nguvu. Kifaa hicho hakiumbi mawimbi yasiyokuwapo. Hukuza yaliyopo pamoja na kelele zake. Kikihitajika, kifungwe karibu na antena wala si nyuma ya runinga, kwa kuwa waya mrefu hula nguvu ya mawimbi njiani. Kwa anayeishi karibu na mnara, kifaa hicho kinaweza kuharibu zaidi ya kusaidia.

Aidha, usalama haufai kupuuzwa. Mlingoti wa chuma ukigusa nyaya za umeme huua. Katika maeneo kama Kisii na Magharibi, ambako radi hupiga mara kwa mara, mlingoti uunganishwe ardhini kwa waya wa shaba, na antena ichomolewe mvua ya radi inapokaribia.

Suala hili si la burudani pekee. Nchi inapoelekea uchaguzi mkuu wa 2027, mwananchi asiye na pesa za intaneti wala za kulipia king'amuzi anahitaji kusikia wagombeaji wote na kuona matokeo yakitangazwa. Antena iliyofungwa vyema humpa haki hiyo bila kumwomba senti tena.

Kwa hivyo, serikali na vituo vyenyewe vina deni la kuwaeleza wananchi minara iko wapi na vifaa gani vinafaa. Naye mnunuzi akumbuke kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu: kabla ya kufungua mkoba, achungulie paa la jirani anayepata picha safi na kuuliza antena yake imeelekea wapi.