Kisukuku si Jiwe Kila Mara

Aghalabu neno "kisukuku" hufafanuliwa madarasani kuwa mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Fasili hiyo ni fupi na hukaririka kwa wepesi, lakini ina kasoro inayopaswa kuwashughulisha wapenzi wa Kiswahili, kwa kuwa inakanusha jambo ambalo hadubini imelithibitisha.

Chukua mfano wa amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi waliotoweka baharini yapata miaka milioni 66 iliyopita. Gamba la amonaiti lilijengwa kwa aragonaiti, ambayo ni mojawapo ya maumbo ya kalisi kabonati. Likitazamwa kwa hadubini ya elektroni, tabaka lake linalometameta kama lulu huonekana kuwa vibao vyembamba mno, kila kimoja kikiwa na unene usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Vibao hivyo hupangwa kimoja juu ya kingine mfano wa sarafu, na baina yake pana utando uliotengenezwa na mnyama mwenyewe. Aragonaiti haidumu kwa urahisi. Maji na joto la ardhini huigeuza kalsaiti. Kemikali ni ile ile, mpangilio ndio hubadilika, kama vile herufi za "lima" zinavyoweza kuunda "mali". Vile vibao hupotea, na hapo fasili ya darasani hupata ukweli wake.

Hata hivyo, huko Buckhorn, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, lami ya asili iliyafunika mapema magamba ya jamaa wa kale zaidi wa amonaiti, ikayakinga na maji. Yamehifadhi aragonaiti yao kwa zaidi ya miaka milioni 300. Je, hayo ni mawe? La, ni magamba yale yale. Kuna na amonaiti ambao gamba lao liliyeyuka lote, likaacha umbo tu katika tope lililogandamana. Hapo hakuna gamba lililogeuka chochote.

Wapo watakaodai kwamba huu ni ubishi wa maneno tu. Sivyo. Mwaka 1951, Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walipima isotopu za oksijeni katika belemnaiti wa enzi ya Jura, jamaa mwingine wa ngisi, wakasoma humo majira matatu ya joto na manne ya baridi. (Belemnaiti, tofauti na amonaiti, alijijengea kalsaiti tangu mwanzo.) Kipimo hicho kina maana iwapo tu kilichopimwa ndicho alichokijenga mnyama. Kama kiligeuzwa baadaye, tarakimu husimulia maji ya ardhini badala ya bahari. Mwanafunzi aliyekaririshwa kuwa kila kisukuku ni jiwe hawezi hata kuliuliza swali hilo.

Yafaa kisukuku kifasiliwe kuwa mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ardhini, kisha itofautishwe: gamba asilia, gamba lililogeuka, na umbo la gamba. Miamba ya enzi ya Jura iliyo karibu na Mombasa ina amonaiti pia, na mwalimu wa huko anayeokota mmoja anastahili kuwa na neno la kuwaambia wanafunzi wake ameokota kipi kati ya hivyo vitatu.