Wana Songwe, Tujenge Nyumba Zenye Kwao

Ukiingia Tunduma usiku utayaona malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na taa za maduka. Mji wenyewe unauona asubuhi. Ghorofa za vioo vya buluu, kuta za tofali za saruji, mageti ya chuma yaliyofanana kama ndugu wa tumbo moja. Unaweza kudhani umelala mji wowote ulio kando ya barabara kuu. Hakuna jengo linalokwambia kwamba umeamka katika nchi ya Wanyamwanga, penye baridi ya Juni inayotetemesha na mvua zinazoanza Novemba zikaendelea hadi Aprili.

Jambo hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu mkoa wetu ni mchanga. Tangu Songwe itengwe na Mbeya mwaka 2016, tumekuwa tukijenga ofisi, shule, zahanati, masoko na vituo vya mabasi. Si kila kizazi kinajaliwa kuusimamisha mkoa. Sisi tumejaliwa, na tunaujenga bila sura.

Nilisimama siku moja mbele ya duka la orofa moja, jipya kabisa, uso wake mzima kioo ukitazama magharibi. Ilikuwa saa kumi jioni. Mwenye duka alikuwa amefungua maboksi ya sabuni, akayabandika kwenye kile kioo kwa gundi ya karatasi, kutoka chini mpaka urefu wa mtu, ili jua lisibabue vitambaa vyake. Kioo alikinunua kwa fedha nyingi, kisha akakiziba kwa boksi. Ukuta wa tofali wenye dirisha la wastani na kibaraza mbele ungemtosha, na wateja wangepata pa kujikinga na mvua.

Nyumba za kuishi nazo zina ugonjwa wake. Siku hizi kila anayepata fedha anataka paa la kuficha, lile lililozungushiwa ukuta juu lisionekane. Katika nchi kavu pengine lina nafasi yake. Kwetu maji ya Januari hutuama nyuma ya ule ukuta, yakatafuta upenyo, na dari ya jipsamu ikaanza kuchora ramani za kahawia. Nilimuuliza fundi mmoja wa Vwawa kwa nini hawashauri wenye nyumba. Akanijibu, "Mzee wangu, bosi ananiletea picha kwenye simu. Mimi najenga picha." Sikumlaumu. Ila jibu lake halijanitoka kichwani.

Wazee wetu hawakujenga picha. Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipita nchi ya Wanyakyusa, majirani zetu, akaandika kwa mshangao jinsi nyumba zao zilivyojengwa kwa ustadi na mazingira yao yalivyokuwa safi. Zilikuwa nyumba za mianzi na udongo. Mwanzi huo unaota pia katika milima ya Ileje. Itazame nyumba ya namna hiyo kwa jicho la fundi: paa limeshuka chini na kutoka nje ya ukuta, mvua isiufikie udongo, mianzi imepangwa kwa vipimo mpaka ukuta wenyewe ukawa pambo, udongo unatunza joto la mchana kwa ajili ya baridi ya usiku. Hakuna urembo uliobandikwa pale baadaye. Uzuri umetoka katika kazi yenyewe.

Wapo watakaosema namtaka mtu arudi kwenye nyasi na moshi. La, hasha! Mimi mwenyewe nimelala chini ya bati maisha yangu yote na sina nia ya kulitoa. Ninachodai ni ile akili ya wazee, na akili hiyo inakaa vizuri chini ya bati. Beda Amuli, mbunifu majengo Mtanzania, alilionyesha hilo tangu zamani: Soko la Kariakoo alilolibuni, lililofunguliwa mwaka 1975, ni la zege tupu, lakini paa lake limekunjuka kama miavuli juu ya wachuuzi. Na Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijijini kwao Gando kwa tofali za udongo, akaliinua bati juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika ubunifu wa majengo. Udongo ule ule tunaouonea aibu.

Tofali la kuchoma la Mbozi lina wekundu mzuri. Kwa nini tunalifunika kwa lipu kana kwamba ni kidonda? Kweli, tanuru linakula miti, na milima yetu imeanza kubaki uchi. Basi tuchome kwa pumba, au tutumie tofali za kufungamana zinazoshindiliwa kwa mashine bila moto, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza miaka mingi.

Kwa hiyo nawasihi. Matajiri wa Tunduma, mnapoagiza ramani mwambieni mchoraji aje kwanza asimame kwenye kiwanja mvua ikinyesha. Mafundi, msiogope kumwambia bosi kwamba paa litoke nje ya ukuta. Nanyi waheshimiwa madiwani, shule ijayo mtakayoipitisha iwe na baraza pana la kuwakinga watoto, na ukuta wake uoneshe tofali la hapa hapa.

Pale Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, zimesimamishwa nyumba za jadi za makabila yetu, na mgeni analipa kiingilio kuziona. Sisi hatujafika huko bado. Wazee wanaojua kupanga ukuta wa mianzi wapo, ingawa kila mwaka wanapungua. Kiangazi hiki, vijana mnaosomea ujenzi, nendeni Ileje mkiwa na daftari na futikamba, mkawaulize.